Kreni ya Lori Inapogoma: Kusoma Dalili Kabla ya Kushika Spana

Kreni iliyofungwa kwenye lori ni mashine mbili zinazotegemea injini moja. Moja ni gari la kawaida, na nyingine ni mkono wa chuma unaokunjika kwa viungo na kurefuka kwa vipande vinavyoingiliana, ambao hupakia, hushusha na kuweka mahali pake vitu ambavyo watu kumi hawawezi kuvibeba kwa usalama: marundo ya matofali, mabomba ya zege, transfoma, matangi, nguzo za umeme na mashine za karakana. Madereva wengi huziita kreni zote za aina hii kwa jina la Hiab, ingawa hilo ni jina la kampuni iliyoanzishwa na Eric Sundin katika mji wa Hudiksvall, Uswidi, mwaka 1944, na ambayo ilitoa kreni yake ya kwanza ya haidroliki ya kufungwa kwenye lori mwaka 1947. Miundo imebadilika sana tangu wakati huo, lakini njia ambayo nguvu hupita kutoka kwenye injini hadi kwenye kulabu haijabadilika kiasi hicho, na ndiyo maana dalili za ubovu hufanana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine.

Namna nguvu inavyosafiri

Injini huzungusha giaboksi. Pembeni mwa giaboksi hufungwa kifaa cha kuchukulia nguvu, ambacho karibu kila karakana hukiita PTO, nacho huzungusha pampu. Pampu huvuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma hadi kwenye rundo la valvu zenye vishikio, na kila kishikio kinapovutwa, mafuta huelekezwa kwenye silinda ya sehemu husika, huku yale yanayotoka upande wa pili wa pistoni yakirudi tangini kupitia filta. Kwenye silinda zenyewe kuna valvu za kushikilia mzigo, ambazo hufunga mafuta ndani ili mkono usianguke mpira wa kupitishia mafuta ukipasuka au kishikio kikiachiwa. Juu ya hayo yote kuna mfumo wa kuzuia kuzidisha mzigo, ambao hupima shinikizo ndani ya silinda kuu na kukataza harakati yoyote inayoongeza hatari.

Jambo ambalo mtu akilielewa ameokoa nusu ya muda wa kutafuta ubovu ni hili: kasi ya kreni hutokana na wingi wa mafuta yanayopita kwa dakika, na nguvu yake hutokana na shinikizo, au presha kama isemwavyo karakana. Chukua pampu inayotoa sentimita za ujazo 50 kwa kila mzunguko. Ikizungushwa mara 1,000 kwa dakika hutoa takriban lita 50 kwa dakika. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 120 ina eneo la pistoni la takriban sentimita za mraba 113, kwa hiyo lita hizo 50 huisogeza pistoni zaidi kidogo ya sentimita 7 kwa sekunde. Silinda hiyohiyo ikipewa shinikizo la bar 250 husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 29, nguvu ambayo inaonekana kubwa mno kwa kreni inayoinua tani mbili tu, mpaka ukumbuke kwamba silinda husukuma karibu sana na kiungo ilhali mzigo unaning'inia mita kadhaa mbele. Ukipunguza mizunguko ya pampu kwa nusu, mkono utakwenda kwa nusu ya kasi lakini utainua mzigo uleule. Ukipunguza shinikizo, mkono utakwenda kwa kasi yake ya kawaida mpaka ukutane na mzigo unaoushinda, kisha usimame.

Basi kabla ya kufungua nati yoyote, mtu ajiulize kama tatizo alilo nalo ni la kasi, la nguvu, la kushikilia, au kama kreni ni nzima na inajilinda tu. Uzoefu wangu ni kwamba hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyotaka kukubali.

Kabla ya kugusa chochote

Mkono ushushwe mpaka ulale juu ya kitu imara, injini izimwe, PTO itolewe, kisha vishikio vyote vivutwe na kusukumwa mara chache ili shinikizo lililobaki litoke. Hata baada ya hapo, mafuta yaliyofungwa kati ya valvu ya kushikilia mzigo na pistoni huendelea kuwa na shinikizo, na kufungua valvu hiyo mkono ukiwa juu ni sawa na kuukata kwa msumeno. Uvujaji mdogo usitafutwe kwa kiganja. Tundu jembamba kama ncha ya sindano kwenye mpira wenye bar 200 hutoa mafuta yanayoweza kupenya ngozi, na jeraha lake hulaghai: huonekana kama mchomo mdogo usio na maumivu makali, kumbe chini ya ngozi nyama zinaharibika na mtu anahitaji kufikishwa hospitali saa hiyohiyo. Tumia kipande cha kadibodi kukipitisha kando ya mpira, na uvae miwani.

Hakuna kinachosogea kabisa

Anza ndani ya kabini, kwa swali la kama pampu inazunguka. Kwenye malori mengi PTO huingizwa kwa upepo kutoka mfumo uleule wa breki, kwa hiyo lori lililosimama usiku kucha likapoteza upepo halitaingiza PTO mpaka geji ipande, hata kama swichi imebonyezwa. Kwa lori la klachi, kanyaga klachi, subiri sekunde chache giaboksi itulie, kisha ingiza. Asiyesubiri husikia mkwaruzo, na akiurudia kwa miezi kadhaa hula meno ya gia. Pampu inapoanza kuzunguka, sauti ya injini hubadilika kidogo, na mwendeshaji aliyezoea lori lake huijua sauti hiyo bila kutazama taa.

Ikiwa taa ya PTO inawaka lakini shafti haizunguki, tatizo liko ndani ya PTO au kwenye kiungo kati yake na pampu. Ikiwa shafti inazunguka na bado hakuna harakati, angalia kitufe cha dharura. Kreni nyingi zina zaidi ya kimoja, na kile kilicho upande wa pili wa lori husahaulika, hasa mtu mwingine akiwa amekibonyeza kwa mgongo akipita. Kitufe hicho hufungua valvu inayorudisha mafuta yote tangini, kwa hiyo pampu huzunguka bila kujenga shinikizo lolote. Kwenye kreni nyingi valvu hiyo hushikiliwa na umeme, kwa makusudi, ili umeme ukikatika kila kitu kisimame. Matokeo yake ni kwamba fyuzi iliyoungua ya bei ndogo huonyesha dalili zilezile za pampu iliyokufa, na wapo walioagiza pampu mpya bila kufungua kisanduku cha fyuzi.

Angalia pia valvu ya kuchagulia kati ya miguu ya kuegemea, ile inayoshushwa ardhini kulitegemeza lori, na kreni yenyewe, kama ipo. Ikiachwa upande wa miguu, miguu itatii na mkono utakaa kimya. Halafu kuna valvu ya tangi, ile inayofungwa wakati wa kubadilisha filta au pampu ili mafuta yasimwagike. Niliwahi kuitwa kwenye kreni iliyofanyiwa matengenezo jana yake, pampu ikilia kama filimbi na mkono ukiwa haunyanyuki hata shubiri moja. Valvu ya tangi ilikuwa imefunguliwa robo tu. Pampu ile ilikuwa mpya, na ilihitaji kubadilishwa tena, kwa sababu pampu isiyopata mafuta ya kutosha hujila yenyewe ndani ya dakika chache. Tangu siku hiyo naona ni busara kuifunga valvu hiyo wazi kwa waya au kuivua kishikio chake baada ya kazi.

Inasogea, lakini polepole

Hili ni suala la mtiririko. Jaribu kila harakati peke yake: kuinua, kukunjua, kurefusha, kuzunguka. Zikiwa polepole zote, chanzo kiko kwenye kitu kinachotumiwa na zote, yaani mizunguko ya injini, pampu, mafuta au njia ya kuvutia. Ikiwa polepole ni moja tu, pampu haina kosa. Tafuta kwenye kishikio kisichofika mwisho wa mwendo wake, mpira uliovimba ndani na kuziba njia, au valvu ya silinda ile. Na ikiwa harakati huwa polepole pale tu zinapofanywa mbili kwa pamoja, hapo kwenye kreni nyingi hakuna ubovu wowote, kwa kuwa zinagawana lita zilezile.

Ukishajua kwamba zote ni polepole, uliza saa ngapi za siku. Swali hilo huchekesha, lakini jibu lake hutenganisha ubovu wa aina mbili unaofanana kwa kila kitu kingine. Pampu iliyochakaa huvujisha mafuta ndani kwa ndani, kutoka upande wa shinikizo kurudi upande wa kuvuta, na mafuta yakipata joto huwa mepesi na kuvuja zaidi. Kreni ya namna hiyo hufanya kazi vizuri asubuhi na kuchoka mchana. Njia ya kuvutia iliyobanwa hutenda kinyume: asubuhi mafuta yakiwa mazito hayapiti vizuri, pampu hulia na mkono husuasua, kisha mambo hutengemaa mafuta yakishapata joto. Namba zinazoandikwa kwenye dumu la mafuta, kama vile 32, 46 au 68, hueleza uzito huo kama unavyopimwa kwa nyuzi 40 za Selsiasi, na kuweka 68 mahali mtengenezaji alipotaka 32 katika sehemu yenye baridi kunatosha kuleta dalili hiyo ya pili bila kitu chochote kuharibika.

Filta husingiziwa sana hapa. Filta ya kurudishia iliyoziba kwa kawaida haipunguzi kasi, kwa sababu ina valvu ndogo inayofunguka na kuyapitisha mafuta pembeni bila kuchujwa. Ubaya wake ni wa kimyakimya: kreni hufanya kazi kama kawaida huku vumbi la chuma likizunguka na kuchubua pampu, valvu na sili, yaani pete zinazozuia mafuta yasipenye. Badilisha filta kwa ratiba au kwa kipimo chake, usisubiri dalili.

Inainua chepesi, kizito inakataa

Hapa ndipo kosa kubwa zaidi hufanyika. Mwendeshaji ana mzigo ambao anaamini aliuinua juzi, leo kreni inakataa, na jambo la kwanza linalomjia akilini ni kukaza ile skrubu ya valvu kuu ya shinikizo, ambayo huachia mafuta yarudi tangini shinikizo likifika kikomo. Skrubu hiyo imepigwa lakiri kwa sababu. Shinikizo likipandishwa kupita kiwango, kreni kweli itainua zaidi, na chuma cha mkono, pini za viungo, bolti zinazoishika kreni kwenye chesisi pamoja na uthabiti wa lori zima vitabeba kile ambacho havikukadiriwa kubeba. Ufa huanzia kwenye mshono wa kuchomelea mahali pasipoonekana, na huja kuachia siku nyingine kabisa, chini ya mzigo wa kawaida, mbele ya mtu ambaye hakuwahi kuigusa skrubu ile.

Swali la kwanza liwe umbali. Kreni haihesabu tani peke yake. Inahesabu tani mara mita kutoka kwenye nguzo ya kreni, ile inayozunguka na kubeba mkono, yaani momenti ya mzigo. Kreni ya tani-mita 10 kwa hesabu ya haraka inapaswa kuinua tani 5 kwa mita 2, tani 2.5 kwa mita 4 na tani 1 kwa mita 10, ingawa kiasi halisi huwa kidogo kuliko hicho kadiri mkono unavyorefuka, kwa sababu vipande vilivyotoka navyo vina uzito wake. Kiasi sahihi ni kile kilichoandikwa kwenye jedwali lililobandikwa kwenye nguzo. Lori likiegeshwa mita moja mbali zaidi ya juzi kwa kukwepa mtaro, mzigo uleule umekuwa mzigo mwingine. Kulabu, minyororo na kifaa chochote kilichoongezwa huhesabiwa ndani ya mzigo.

Swali la pili liwe uzito wenyewe, ambao mara nyingi hukisiwa tu. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban tani 2.4 hadi 2.5 kwa kila mita ya ujazo, chuma takriban tani 7.85, maji tani 1. Pande la zege la mita 1 kwa mita 1 kwa sentimita 80 linakaribia tani 2, hata kama kwa macho linaonekana dogo. Bomba au tangi lililobakiwa na maji hudanganya wengi. Mzigo uliozama kwenye tope nao huvuta chini kwa nguvu inayozidi uzito wake, na hata ukianza kunyanyuka unaweza kuachia ghafla na kurusha mkono juu. Afadhali uchimbwe kandokando kwanza ili hewa iingie chini yake.

Kisha tazama taa ya onyo. Mfumo wa kuzuia kuzidisha mzigo ukishafika kikomo hukataa kuinua, kushusha au kurefusha pale ambapo harakati hiyo ingeongeza momenti, lakini hukubali harakati zinazoipunguza, kama kurudisha vipande ndani. Kwa hiyo, kreni ikikataa kurefuka lakini ikakubali kujirudi, imekujibu tayari. Haiko mbovu.

Ikiwa umbali na uzito viko ndani ya jedwali na kreni bado imeshindwa, sasa ni zamu ya geji. Bila mzigo, peleka harakati moja hadi mwisho wa mwendo wake, soma shinikizo kwa sekunde moja au mbili, kisha achia. Linganisha na kiwango kilicho kwenye kitabu cha kreni. Likiwa chini kwa kila harakati, shuku valvu kuu ya shinikizo iliyoshikwa na uchafu au springi iliyolegea, kisha pampu. Likiwa chini kwa harakati moja, shuku valvu ndogo ya sehemu hiyo au sili za silinda yake. Na likiwa sawasawa kila mahali, rudi tena kwenye swali la uzito, kwa sababu uwezekano mkubwa ni kwamba ulikisia vibaya.

Mkono unashuka wenyewe

Mkono ulioachwa juu na mzigo haupaswi kushuka kwa namna inayoonekana. Ukishuka, chora alama kwa kalamu au bandika utepe kwenye fimbo ya silinda, ili ujue ni silinda ipi kati ya zote inayorudi, kwa kuwa kwa macho mkono wa kukunja na mkono mkuu huchanganya. Kipimo hiki kifanyike na mzigo mdogo, karibu na ardhi, bila mtu chini yake.

Mshukiwa wa kwanza ni valvu ya kushikilia mzigo, ambayo chembe moja ya uchafu kwenye kikao chake hutosha kuizuia isifunge. Mshukiwa wa pili ni sili ya pistoni, inayoruhusu mafuta kupita kutoka upande wenye mzigo kwenda upande wa pili. Kuvuja kwa nje, kwenye shingo ya silinda, hujionyesha kwa mafuta yanayodondoka. Hizi mbili za ndani hazionyeshi chochote, na kuzitenganisha ni kazi ya fundi wa haidroliki mwenye kreni iliyopumzishwa na vifaa vya kuzibia mirija. Kubadilisha kishikio au valvu zake hakutasaidia, kwani hizo haziwekwi kwa ajili ya kushikilia mzigo.

Kuna kushuka kunakotisha bila sababu. Mafuta ya haidroliki husinyaa kwa takriban asilimia 0.7 kila yanapopoa kwa nyuzi 10. Silinda yenye mafuta ya urefu wa mita 1, iliyoachwa ikiwa na joto na ikapoa kwa nyuzi 20, itarudi karibu sentimita 1.4 bila tone kuvuja, na kwa kuwa ncha ya mkono iko mbali na kiungo, mwendo huo huzidishwa mara nyingi kule mwisho. Kreni iliyoachwa imenyooshwa juu jioni ikakutwa imeinama asubuhi huenda haina ubovu, ingawa kuiacha hivyo usiku kucha ni kosa la namna nyingine.

Inatetemeka wakati wa kushusha

Tofautisha mtetemo wa mkono mzima na ule wa vipande vya kurefusha. Wa kwanza, hasa ukitokea wakati wa kushusha mzigo, kwa kawaida hutoka kwenye valvu ya kushikilia mzigo inayofunguka na kufunga kwa haraka kwa sababu ya uchafu au marekebisho mabaya, au hutoka kwenye hewa iliyobaki ndani baada ya kubadilisha mpira. Hewa hutoka kwa kuendesha silinda taratibu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, bila mzigo. Wa pili huja kama mishtuko na mlio wa kukwaruza: vipande hukwama, kisha huruka. Sababu yake huwa pedi za plastiki ngumu kati ya kipande na kipande, ambazo zimekauka grisi au zimeisha. Safisha mchanga kwanza, kisha paka; grisi mpya juu ya mchanga wa zamani ni msasa.

Inalia, au mafuta yanachemka

Kelele za pampu husomeka kwa kuchota mafuta kidogo ndani ya glasi. Mafuta yenye weupe unaoanza kuondoka kutoka chini ndani ya dakika chache yana hewa, na hewa huingia kupitia kiungo kilicholegea upande wa kuvuta, ambako hakuna mafuta yatakayodondoka nje kukuonyesha, au kupitia tangi lililopungua. Weupe usioondoka ni maji, na hayo huhitaji kumwagwa kwa mafuta yote. Mafuta yakiwa safi na pampu bado inalia, ni njia ya kuvuta iliyobanwa.

Joto ni nguvu iliyopotea. Kila mafuta yanapopita kwenye valvu ya shinikizo bila kufanya kazi, nguvu yote ya pampu hugeuka kuwa joto, na mwendeshaji anayeshikilia kishikio baada ya silinda kufika mwisho anapika mafuta yake mwenyewe. Yakizidi nyuzi 80 kwa muda mrefu, mafuta huoza na sili hukakamaa. Kama tabia hiyo haipo, angalia kiwango cha mafuta, kipoza joto kilichozibwa na vumbi, na pampu iliyochakaa.

Lori linainama, kreni haizunguki upande mmoja

Kreni inayozunguka kwa wepesi upande mmoja na kugoma upande wa pili karibu kila mara imesimama kwenye lori lisilo sawa, na inachokataa ni kupandisha mzigo mlima. Kisawazisho chenye tone la hewa hubandikwa karibu na vishikio kwa ajili hiyo, lakini hufunikwa na grisi mpaka kisomeke kwa kubahatisha. Sawazisha lori kwa miguu ya kuegemea kabla ya kulaumu gia za mzunguko. Kukiwa bado na mchezo au mlio, kagua grisi ya meno na ukazaji wa bolti zinazoshikilia nguzo, na bolti iliyokatika hata moja ni sababu ya kusimamisha kazi, kwa kuwa jirani zake zimebeba zaidi ya haki yao tayari.

Miguu yenyewe hulaumiwa kwa kosa la ardhi. Mguu ulio upande wa mzigo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa lori na mzigo kwa pamoja. Tani 6 juu ya sahani ya sentimita 30 kwa 30 ni karibu kilo 6.7 kwa kila sentimita ya mraba; weka chini yake ubao imara wa sentimita 60 kwa 60 na zinashuka hadi takriban kilo 1.7. Mguu unaozama polepole huku silinda yake haijarudi umezama ardhini. Alama ya kalamu kwenye fimbo hutoa jibu hapa pia. Silinda ikirudi, valvu yake ya kufungia inavuja, na lori hilo lisiinue kitu. Mihimili ya pembeni, ile inayobeba miguu hiyo, itolewe yote pande zote mbili. Kreni nyingi za kisasa hazitainua kwa uwezo kamili mpaka sensa zione mihimili imetoka na miguu imegusa ardhi, na sensa iliyojaa tope husema uongo.

Kwa kreni inayoendeshwa kwa rimoti, anza na betri, kisha vitufe vya dharura, kisha plagi zilizoingia maji. Faida kubwa ya rimoti haiko kwenye urahisi. Mkono ukigusa waya wa umeme, aliyesimama mbali na lori yuko katika hali bora kuliko aliyeshika kishikio cha chuma miguu ikiwa ardhini.

Waya wa winchi wenye nyuzi zilizokatika, uliofumuka kama kizimba au uliopungua kipenyo hautengenezwi, hubadilishwa. Kulabu iliyofunguka mdomo haikunjwi kurudi mahali pake wala haichomelewi.

Baada ya kurekebisha

Jaribu kwanza bila mzigo, harakati zote hadi mwisho, ukitazama kiwango cha mafuta tangini, kwa sababu silinda iliyokuwa tupu humeza lita kadhaa. Kisha tumia mzigo mwepesi unaojulikana uzito, uuinue sentimita chache na kuushikilia ukiwa na alama kwenye fimbo. Palipofunguliwa pampu au silinda iliyokufa kwa kusagika, filta hubadilishwa mara moja na tena baada ya saa chache za kazi, kwa kuwa chembe zilizobaki kwenye mirija huchukua muda kufika. Viungo vya mipira mipya hukaguliwa tena mafuta yakiwa moto, injini ikiwa imezimwa na mkono ukiwa umelala.